Mapigo 116 kwenye fishi ya CPN

Swali la msomaji:

"Jambo sana docta. Niko na miaka 29, ninakaa Kadutu, hapa Bukavu, na niko na mimba ya miezi sita. Mimba yangu ya kwanza, mtoto alifia tumboni kwenye mwezi wa saba, hakuna aliyetuambia sababu. Mdogo wangu wa kiume alikufa akiogelea ziwani, alikuwa na miaka 13 na aliogelea kuliko wenzake wote. Nyumbani walisema ni karuho, kwamba alitiliwa sumu. Mama yetu anazimia tangu ujana wake: simu ikilia ghafla au mtu akimshtua, anaanguka. Wanampa dawa za kifafa. Sasa kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, ya mwezi uliopita mkunga aliandika kwenye fishi, kadi yangu, moyo wa mtoto 118, mwezi huu ameandika 116. Anasema ni sawa. Nimesikia kuna magonjwa ya moyo ya ukoo ambayo yanaweza kuonekana mtoto akiwa bado tumboni. Ni kweli? Kipimo kiko wapi, niende Kigali? Mimi mwenyewe siumwi kitu."

Jibu:

Mama, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye maneno ya mwisho: mimi mwenyewe siumwi kitu. Nitaanzia hapo. Umeuliza kipimo cha mtoto, na vipimo vipo, lakini mlango wa kuingilia ni kifua chako wewe. Kabla ya kuuliza nauli ya Kigali, nenda hospitali kubwa ya hapa mjini ukafanyiwe ECG, ile karatasi ya mistari ya moyo. Ni dakika kumi, umelala umeegemea ubavu wa kushoto kidogo, hakuna sindano, na mtoto haguswi. Umlete mama yako naye afanyiwe siku hiyo hiyo. Karatasi hizo mbili zitasema juu ya mtoto wako mambo ambayo mashine nyingi za bei kubwa haziwezi kuyasoma kupitia tumbo.

Sababu yake ni hii. Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe. Kwa kila pigo, seli za moyo hufungua milango midogo, sodiamu ikaingia, moyo ukajikaza. Kisha milango mingine hutoa potasiamu nje, na moyo unajichaji upya kusubiri pigo linalofuata. Kuna watu wanaozaliwa na milango yenye kasoro, hasa ile ya potasiamu, inayofanya kazi kivivu. Moyo wao hauna tundu, valvu ni nzima, ekografi (altrasaundi) ya moyo inatoka safi. Shida iko kwenye kuchaji, kunachelewa. Kwenye ECG, kuchelewa huko kunaonekana kama umbali uliorefuka kati ya mawimbi mawili yanayoitwa Q na T, ndiyo maana ugonjwa wenyewe unaitwa QT ndefu. Pigo la ziada likija wakati moyo haujamaliza kujichaji, vyumba vya chini vinaanza kwenda mbio ovyo, na damu haisukumwi tena. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache mtu anaanguka. Anaweza kurusha mikono na miguu, hata kujikojolea. Mara nyingi moyo unajirudi wenyewe, naye anaamka. Siku usipojirudi, watu wanaenda kununua sanda.

Unaona sasa kwa nini barua yako imenikalisha chini. Kuna aina kadhaa za QT ndefu na kila moja ina kishtuo chake. Katika aina ya kwanza, hatari kubwa ni kukimbia na hasa kuogelea. Katika aina ya pili ni mshtuko wa sauti: saa ya kuamsha, simu, mlango uliobamizwa. Ya tatu hupenda usingizini. Wewe umeniandikia kuogelea na simu katika ukoo mmoja. Sitabahatisha aina kabla sijaona karatasi, maana ukoo mmoja kwa kawaida hubeba kasoro moja, na visa havifuati vitabu kila mara. Tena si kila anayefia ziwani amekufa kwa moyo. Waogeleaji hodari huzama kwa uchovu na kwa baridi, na upande wa Goma kuna mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na ufukweni, inaua bila kelele. Lakini mtoto wa miaka 13 anayejua maji, na mama mzazi anayeanguka simu ikilia? Daktari anayesikia hayo mawili pamoja na asiombe ECG, amelala.

Kuhusu kifafa: mtu wa kifafa akishaanguka, mara nyingi huamka amechanganyikiwa, analala saa nzima, hajui yuko wapi. Mtu wa moyo huanguka ghafla akiwa amepauka, na akiamka anauliza, "Mbona mnanitazama?" Hiyo si sheria ya chuma, ila inasaidia. Niliwahi kuletewa msichana aliyekunywa vidonge vya kifafa miaka minne. Alikuwa anaanguka kengele ya shule ikigongwa, na darasa zima lilishajua. Katika miaka hiyo minne hakuna aliyemwekea nyaya kifuani hata mara moja. Mama yako asiache dawa zake kwa sababu ya maneno yangu, kuacha dawa za kifafa ghafla kuna hatari yake. Afanyiwe ECG kwanza.

Na karuho? Sitabishana na wazee wako kwa barua. Nitakwambia tu kwamba Wafilipino walikuwa na jina lao, bangungot, kwa vijana wenye afya wanaolala usiku na kukutwa wamekufa asubuhi. Wakasema ni jinamizi. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa mwingine wa umeme wa moyo, ule ulioelezwa mwaka 1992 na ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada. Kila mahali ambapo kijana mzima anakufa ghafla, watu hutafuta jina la kuliita jambo hilo, na sisi hapa Kivu tunalo letu.

Turudi kwa mtoto. Aina za kawaida za QT ndefu hurithiwa hivi: mzazi mmoja akiwa na kasoro, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba, awe wa kike au wa kiume. Kama mama yako anayo, wewe ulikuwa na nafasi hiyo. Kama wewe huna, mtoto hakuirithi kwako, na habari yetu inapungua sana uzito. Ndiyo maana nimeng'ang'ania kifua chako. Kutoumwa hakukutoi kwenye orodha: wapo wanaobeba kasoro hii hadi uzeeni bila kuzimia hata siku moja, na watoto wao wakazimia. Kuna pia sura nyingine, adimu na kali zaidi, ambayo mtoto hurithi kasoro kwa baba na kwa mama pamoja, akazaliwa kiziwi na kuanza kuanguka utotoni. Madaktari Jervell na Lange-Nielsen waliieleza mwaka 1957 kutoka familia moja ya Norway. Kama kwenu yupo mtoto aliyezaliwa hasikii na anazimia, niambie, hata kama ni wa upande wa mume wako.

Sasa hiyo 116. Mkunga wako hajakosea. Tumefundishwa sote kwamba moyo wa mtoto tumboni ukiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika ni sawa, na 116 iko ndani. Ila mpaka huo wa 110 uliwekwa kwa ajili ya kumkamata mtoto anayekosa hewa wakati wa uchungu. Haukuwekwa kwa ajili ya QT ndefu. Moyo wa mtoto huanza kwa mbio, karibu 170 kwenye wiki ya tisa, halafu unapoa taratibu mimba inavyokua. Kwenye mwezi wa sita wengi wako karibu na 140 au 150. Watafiti waliporudi nyuma kusoma mafaili ya watoto waliokuja kugundulika na QT ndefu, walikuta jambo linaloudhi: wengi wao mapigo yao tumboni yalikuwa ya chini kwa umri wa mimba, lakini wachache tu waliwahi kushuka hadi 110. Walipita CPN zote wakiandikiwa sawa. Mtoto mwenye 118, kisha 116, akiwa anacheza vizuri na anakua vizuri, kwa ukoo usio na historia ningemwacha na kumsikiliza tena baadaye. Kwa ukoo wako, namba hizo mbili kwenye fishi zina maana.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Mwambie mkunga akusikilize kwa dakika nzima, asihesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne. Kama anatumia kile kipembe cha mti cha Pinard, ashike mkono wako kwenye mpigo wa damu wakati huo huo, ili asije akahesabu mapigo yako wewe badala ya ya mtoto. Hilo hutokea kuliko tunavyokubali. Arudie siku tofauti, mtoto akiwa amelala na akiwa anacheza, na aandike namba kamili. Neno "sawa" kwenye fishi halinisaidii kitu, namba inanisaidia. Na asikilize kama mdundo umenyooka. Pigo moja moja la kuruka, kama mpiga ngoma aliyekosea, ni la kawaida kwa watoto tumboni na kwa wengi huisha lenyewe. Mdundo unaogeuka ghafla, mara mbio mara polepole sana, ni sababu ya kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya masikio inakuja ekografi. Hapa watu wengi wanaelewa vibaya, hata wenye mashine. Ekografi haioni umeme. Inaona nyama ikitikisika na damu ikipita, na mtaalamu anakisia umeme kutokana na mtikisiko huo. Anapitisha mstari mmoja wa sauti ukate chumba cha juu na cha chini kwa pamoja, kisha anaangalia kama kila mkazo wa juu unafuatwa na wa chini. Chumba cha juu kikipiga mara mbili na cha chini mara moja, ina maana ujumbe mmoja kati ya miwili unakuta chumba cha chini bado hakijamaliza kujichaji. Hiyo ni mojawapo ya sura za QT ndefu iliyo kali. Nyingine ni vyumba vya chini kuruka ghafla hadi mapigo 200 na zaidi, vikatulia, vikaruka tena. Anaangalia pia kama maji yamejaa kuzunguka moyo, tumboni au chini ya ngozi ya mtoto, dalili kwamba moyo umeanza kuchoka.

Mtaalamu huyo atafikiria pia mambo mengine yanayopunguza mapigo, na baadhi hayana uhusiano wowote na ukoo. Kuna akina mama wenye kingamwili za aina ya anti-Ro katika damu, wengine bila kujua. Kingamwili hizo hupita kwenye kondo na kukata njia ya umeme ya mtoto, mara nyingi kati ya wiki ya 18 na ya 26. Hapo mapigo huwa 50 hadi 80, chini sana kuliko yako. Zipo dawa za presha ambazo mama akizinywa zinampunguzia mtoto kasi. Hukuniambia unakunywa dawa gani, uje nazo zote, pamoja na za mitishamba.

Utauliza, kwa nini basi tusimpige mtoto ECG moja kwa moja kupitia tumbo lako? Watu wamejaribu. Umeme wa moyo wa mtoto ni mdogo mno, unafunikwa na wa moyo wako. Tena kuanzia karibu wiki ya 27 mtoto anapakwa ile nta nyeupe unayoiona akizaliwa, nayo inazuia umeme kama mpira unavyofunika waya, mpaka kwenye wiki ya 34 hivi ndipo inapoanza kupasuka. Yaani katika miezi tunayohitaji kuona zaidi, pazia limeshushwa. Kuna njia moja inayopita pazia hilo, kusoma sumaku ya moyo badala ya umeme wake. Kila mkondo wa umeme una sumaku yake, na nta haiizuii. Lakini sumaku ya moyo wa mtoto ni dhaifu mara mamilioni kuliko ya dunia tunayokanyaga, kwa hiyo mama analazwa ndani ya chumba cha chuma maalumu, chini ya vihisio vilivyopoozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzijoto 269 chini ya sifuri. Vituo vyenye mashine hiyo ni vya kuhesabu vidoleni, Marekani, Ujerumani, Japani. Sasa vinatengenezwa vihisio vipya visivyohitaji heliamu, na ninavifuatilia kwa hamu. Usitafute mashine hiyo Bukavu wala Kigali.

Kuhusu jeni, nitasema waziwazi ninavyoona. Ndiyo, kasoro inaweza kutafutwa kabla ya kuzaliwa: kwa kuchukua kipande cha kondo kati ya wiki ya 11 na ya 13, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Majina ya jeni zinazotafutwa kwanza ni KCNQ1, KCNH2 na SCN5A. Lakini kutafuta kwa mtoto kabla hujajua ukoo una kasoro ipi ni kutafuta nyumba Kadutu ukiambiwa tu kwamba ina bati jekundu. Lazima uanze na mgonjwa aliye wazi, kwenu huenda ni mama yako. Hata kwa wagonjwa walio wazi, mmoja kati ya wanne au watano kasoro yake haipatikani. Na sindano ya tumbo ina hatari yake, ndogo lakini ipo, ya mimba kuharibika. Wewe uko mwezi wa sita na umeshapoteza mtoto mmoja. Jibu la jeni sasa lisingebadilisha ninayokupangia, maana nitamchukulia mtoto kama anayo mpaka ithibitike hana. Kwa hiyo mimi nisingekuchoma. Damu ya kitovu ikichukuliwa siku ya kuzaa, inatosha kwa kipimo hicho hicho, na hakuna anayeumia.

Mtoto wako wa kwanza. Najua ndilo swali ambalo hukuliuliza. Katika utafiti mmoja wa vifo 91 vya tumboni visivyo na sababu, uliochapishwa mwaka 2013, watatu walikutwa na kasoro za jeni za QT ndefu. Watatu kati ya 91 ni wachache, ila si sifuri. Kwetu hapa malaria kwenye kondo, presha ya mimba na kaswende huua watoto wengi zaidi tumboni, na hayo ningeyatafuta kwanza kwako hata leo. Siwezi kukuambia ni kipi kilimchukua yule, na ukisikia mtu anakuambia kwa uhakika baada ya muda wote huu, mtilie shaka.

Siku ya ECG, usiridhike na karatasi inayosema tu "normal" iliyochapwa na mashine. Mashine hukosea mwisho wa wimbi la T. Mwombe daktari apime kwa rula mbele yako, ni hesabu ya shule ya msingi. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila kiboksi kidogo ni milisekunde 40. Tuseme kutoka mwanzo wa Q hadi mwisho wa T kuna viboksi 11: hiyo ni 440. Kutoka pigo moja hadi linalofuata kuna viboksi 20: hiyo ni 800, yaani sekunde 0.8. Kwa kanuni ambayo mtaalamu Bazett aliitoa mwaka 1920, unagawanya 440 kwa kipeuo cha pili cha 0.8, ambacho ni karibu 0.89, unapata 492 hivi. Kwa mwanamke, juu ya 460 tunaanza kukunja uso, juu ya 480 tunamwita daktari mkubwa, na 500 ni hatari. Kama hana kikokotoo, aangalie tu kama wimbi la T linaisha baada ya nusu ya njia kati ya mapigo mawili. Kwenye mfano wangu 440 imevuka nusu ya 800. Nilimfundisha hivyo mwanafunzi mmoja wa uuguzi kwa kipande cha karatasi alichokikunja katikati, na kwa wiki ile alikuwa akikunja kila ECG iliyopita mbele yake.

Karatasi yako ikitoka ndefu, tiba haikusubirishi mwisho wa mimba. Propranolol ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, iko kwenye famasi za mjini, na akina mama wenye QT ndefu huinywa wakiwa na mimba na wakinyonyesha. Daktari ndiye atakupa kipimo chake, hasa kama una pumu. Wala usiiache ukishajifungua ukidhani kazi imekwisha: miezi tisa ya kwanza baada ya kuzaa ndiyo hatari zaidi kwa wanawake wenye aina ya pili, kwa sababu ya usingizi uliokatika na kilio cha mtoto kinachokushtua usiku.

Lakini kabla ya dawa ya kutibu, kuna dawa za kuogopa. Hapa kwetu hili ni kubwa kuliko Ulaya, maana sisi tunanunua vidonge dirishani bila karatasi. Dawa nyingi za kila siku hurefusha QT hata kwa mtu mzima. Kwa aliye nayo tayari zinaweza kumwangusha: kwinini ya drip, halofantrini ambayo watu wa umri wangu wanaikumbuka, amodiakwini kwa kiasi, erithromisini, azithromisini, siprofloksasini, flukonazoli ya fangasi, domperidoni na ondansetroni za kuzuia kutapika. Sikuambii ukatae dawa ya malaria! Malaria itakuua wewe na mtoto haraka kuliko QT. Nakuambia umwambie anayekuandikia, "Kwetu kuna QT ndefu", ili achague na akurudishe kwenye ECG. Ile SP ya kuzuia malaria wanayokupa CPN kunywea pale pale haina shida hii, inywe. Na ukipata kuhara au kutapika sana, usisubiri: potasiamu inashuka, QT inarefuka, na mji huu unajua kipindupindu.

Kuzaa kwako kuwe materinite yenye daktari, si nyumbani. Njia ya kawaida inaruhusiwa, isipokuwa kuwe na sababu nyingine. Wakati wa uchungu, mwambie mkunga tangu mlangoni kwamba moyo wa mtoto huyu msingi wake ni 115 au 116, na umwonyeshe fishi. Nimeona mama akikimbizwa kwenye upasuaji kwa sababu timu ya usiku iliona 112 na kudhani mtoto anakufa, kumbe ndiyo kasi yake ya miezi mitatu. Kinyume chake pia ni kweli: akishuka kutoka 116 hadi 90 baada ya kila uchungu na kukaa huko, hapo hakuna cha ukoo, wasikimbilie maelezo yangu haya, wafanye kazi yao. Na sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, kama una QT ndefu, waipitishe polepole kwenye mshipa, wasiisukume yote kwa mara moja.

Mtoto akizaliwa, afanyiwe ECG kabla hamjatoka, na irudiwe akiwa na wiki tatu au nne, kwa sababu QT ya siku mbili za kwanza hubadilikabadilika na inaweza kudanganya pande zote mbili. Usiiruke hii hata kama ekografi zote zilitoka nzuri. Kule Italia walifanya ECG kwa watoto wachanga 34,442 kwa miaka kadhaa, wakawafuatilia. Katika vifo 24 vya ghafla vya usingizini, nusu yake, 12, walikuwa na QT iliyovuka 440 kwenye ECG ya wiki ya kwanza. Ndiyo sababu siamini sana tumbo lililotoka safi. Magonjwa mengine ya umeme wa moyo, kama ule wa akina Brugada, hukaa kimya kabisa mtoto akiwa tumboni na kujitokeza siku ya homa.

Kigali, basi. Uende kama karatasi yako au ya mama yako imetoka ndefu, au mapigo ya mtoto yanazidi kushuka, au ekografi ya hapa imeona mdundo usioeleweka. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, utapata wataalamu wa moyo wa watoto wanaoweza kuangalia moyo wa mtoto tumboni kwa utulivu. Kama watakuta mbio za vyumba vya chini, wakumbushwe historia ya ukoo kabla ya kukupa dawa: sotaloli na amiodaroni, ambazo hutumika kwa mbio za kawaida za moyo wa mtoto, zenyewe hurefusha QT. Kwa mtoto wa aina hii huanza na magnesiamu kupitia mshipa wa mama. Uende na karatasi zenyewe mkononi, si picha za simu zilizokatwa pembeni. Kama karatasi zenu zote mbili ni safi na mapigo yamekaa pale pale, hela ya safari iweke kwa ajili ya kuzaa.

Nikutakie nini zaidi? Njoo na fishi yako, dawa zako, na kile kijitabu cha mama yako cha kifafa, chenye tarehe alizoanguka. Mama akishalazwa na nyaya kifuani, zimeni simu zote chumbani, ya kwangu nitaizima kwanza.